Maswali ya Wasomaji: Kampuni ya nishati inapobisha hodi chuo kikuu

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa watu waliokabidhiwa utafiti katika kampuni za umeme, sola na betri. Tumejibu nne.

Swali: *Ndugu Mhariri, bodi ya kampuni yetu ya kusambaza umeme inataka mkakati wa utafiti wa miaka mitano. Tayari tunashinikizwa kusaini hati ya makubaliano na chuo kikuu. Tuanzie wapi, na kazi ipi tuwape chuo?* (Mhandisi wa mipango)

Jibu: Hati ya makubaliano isubiri. Anzeni na kumbukumbu za hitilafu: kifaa gani kiliharibika, umeme ulikatika kwa muda gani, upotevu mkubwa uko kwenye njia ipi. Humo mtapata maswali kumi au kumi na tano. Kila swali liandikwe kwa sentensi moja, kipimo kikiwa ndani yake. "Kuboresha uhifadhi wa nishati" si swali, ni kaulimbiu. "Je, betri hizi zikifanya kazi kwenye joto la nyuzi 40 zitabakiza asilimia 80 ya uwezo wake baada ya miaka minane?" Hilo mtafiti anaweza kulishika.

Kisha yapangeni kwa muda ambao jibu linahitajika. Linalotakiwa ndani ya miezi michache si la utafiti wa chuo. Mkiwa na wasiwasi na transfoma, kwa mfano, pelekeni mafuta yake yapimwe gesi zilizoyeyuka ndani yake. Asetilini ikionekana, kuna uwezekano mkubwa umeme unaruka mle ndani. Hiyo ni huduma ya maabara, hulipwa kwa sampuli, na haihitaji profesa. Shahada ya uzamivu huchukua miaka mitatu, minne au zaidi, basi mwanafunzi apewe swali ambalo bado litakuwa na maana muda huo ukiisha.

Wengi hutumia ngazi tisa za ukomavu wa teknolojia zilizotokana na NASA: ya 1 ni kanuni ya kisayansi tu, ya 9 ni teknolojia inayofanya kazi katika mazingira yake halisi. Chuo huwa nyumbani kati ya ngazi ya 1 na ya 4. Idara yenu ya uendeshaji haitaki kusikia chochote kilicho chini ya 8. Katikati, ngazi ya 5 na ya 6, ndipo mawazo mengi mazuri hufia: mtambo wa majaribio ni mkubwa mno kwa maabara, hauna upya wa kutosha kuandikiwa makala, na msimamizi wa kituo hataki uguse vifaa vyake. Kwa maoni yetu, fedha za kwanza kutengwa ziwe za hapo. Andikeni kabisa ni kituo kipi kitapokea mtambo huo na nani ana mamlaka ya kuuzima.

Swali: *Tulifadhili utafiti wa elektrodi mpya ya betri. Chuo kilituonyesha seli iliyodumu mizunguko 500 ya kuchaji na kutumia. Tulipoitengeneza kwa ukubwa wa kiwandani, ilichoka kabla ya mzunguko wa 100. Tulidanganywa?* (Meneja wa uzalishaji)

Jibu: Huenda hakuna aliyedanganya. Mlipima vitu viwili tofauti mkaviita kwa jina moja.

Seli ndogo ya maabara, ile yenye umbo la kitufe, mara nyingi huwa na elektrodi (tabaka linalotunza chaji) nyembamba sana: miligramu 1 au 2 za kemikali tendaji kwa kila sentimita mraba. Elektrodi ya betri ya biashara hubeba mara kumi ya hapo, pengine zaidi. Tabaka likinenepa, ayoni (chembe zenye chaji) husafiri mbali zaidi, chaji ya haraka huanza kusumbua, na rojo lililopakwa huweza kupasuka linapokauka. Elektroliti, kimiminika kinachopitisha ayoni, nayo humiminwa bila kipimo maabarani, wakati kiwandani kila gramu huhesabiwa.

Kinachoficha zaidi ni bati la lithiamu linalowekwa upande wa pili wa seli ya majaribio. Lina akiba kubwa kupita mahitaji. Chukueni seli inayorudisha asilimia 99.9 ya lithiamu katika kila mzunguko, kiwango kinachosikika kizuri sana. Zidisheni 0.999 kwa yenyewe mara 500 mtapata takriban 0.61, yaani karibu asilimia 39 imepotea. Kwenye seli yenye akiba, bati hufidia upotevu huo na mchoro huonekana umenyooka. Kwenye betri kamili hakuna cha kuufidia.

Sola ina mtego wake. Rekodi nyingi za seli za perovskaiti (kemikali ya fuwele inayonasa mwanga) zilipatikana kwenye eneo lisilozidi sana sentimita mraba 1, wino ukidondoshwa juu ya kioo kinachozungushwa kwa kasi. Njia hiyo hurusha sehemu kubwa ya wino pembeni na haifai kwa paneli nzima. Ulizeni pia uimara umepimwaje. Kiwango cha kimataifa cha paneli za sola, IEC 61215, kinadai, pamoja na mengine, saa 1,000 kwenye nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, na mizunguko 200 ya joto kutoka nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 85 juu yake. Seli "iliyodumu saa 1,000" ndani ya kisanduku cha naitrojeni kavu haijakaribia mtihani huo. Na wanaofanya kazi na vichocheo vya nikeli, vinavyoharakisha mmenyuko wa kemikali, wakumbuke kwamba gesi safi ya mtungi haina salfa, ilhali gesi ya mtambo wenu inaweza kuwa nayo, na salfa huua kichocheo.

Dawa yake ni kiambatisho cha masharti ya vipimo, kisainiwe kabla ya malipo ya kwanza. Kitaje uzito wa elektrodi kwa sentimita mraba, eneo la seli, kiasi cha elektroliti, halijoto, na bidhaa iliyopo sokoni itakayopimwa sambamba kwa kulinganisha. Malighafi itoke kwenye shehena ile ile mnayonunua ninyi, uchafu wake ukiwemo. Msikubali seli bora moja. Dai matokeo ya seli zote zilizotengenezwa, zilizokufa siku ya pili zikiwemo, pamoja na data ghafi. Tena wekeni sharti kwamba kabla ya malipo ya pili mtu mwingine, ikiwezekana fundi wenu, airudie kazi kwa kufuata maelezo ya maandishi peke yake. Hapo ndipo hugundulika mambo ambayo mwanafunzi alikuwa akiyafanya kwa mazoea bila kuyaandika.

Swali: *Wanasheria wetu wanataka kila matokeo yawe siri na kila hataza (haki ya kisheria juu ya ugunduzi) iwe ya kampuni. Chuo kimekataa. Nani alegeze?* (Ofisa mikataba)

Jibu: Wanasheria wenu walegeze kwenye uchapishaji, maana mwanafunzi asiyeweza kuwasilisha tasnifu hana shahada. Ombeni nafasi ya kusoma rasimu siku 30 kabla haijatoka, na haki ya kuichelewesha siku 60 au 90 zaidi ili ombi la hataza liwasilishwe kwanza. Kwenye hili kazeni, kwa sababu katika nchi za Ulaya ugunduzi uliokwisha kutangazwa hadharani, hata kwa bango la mkutano, kwa kawaida haupati hataza tena. Marekani humpa mgunduzi miezi 12 ya nafuu. Msijenge mkakati juu yake.

Kuhusu umiliki, jiulizeni mnataka nini hasa. Kampuni nyingi hupigania cheti wakati kinachohitajika ni uhuru wa kutumia. Leseni ya kipekee katika eneo lenu, tuseme betri za gridi, huku chuo kikibaki huru kuuza kwa watengenezaji wa magari, hupatikana kwa mabishano machache zaidi. Orodhesheni kila upande ulikuja na nini kabla ya mradi. Bila orodha hiyo mtagombana baadaye. Someni pia vitenzi vya mkataba. Katika kesi ya Chuo Kikuu cha Stanford na kampuni ya dawa ya Roche, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2011, mtafiti aliahidi chuo chake kwamba atahamisha haki, kisha akasaini fomu ya kampuni nyingine aliyoitembelea iliyosema anazihamisha papo hapo. Roche ilikuwa imenunua haki hizo kwa kampuni hiyo, na chuo kikashindwa.

Hataza hudumu miaka 20 tangu ombi liwasilishwe, na nishati huenda polepole. Seli ya sola aina ya PERC, yenye tabaka la nyuma linalorudisha mwanga, ilibuniwa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, miaka ya 1980. Viwanda viliichukua kwa wingi miaka ya 2010. Lakini kutosajili kabisa nako kuna gharama. Oxford haikutaka kugharamia hataza ya katodi (elektrodi chanya) ya kobalti ya kundi la mtafiti John Goodenough mwaka 1980, haki zikaangukia kituo cha utafiti cha Harwell, na Sony ikaingiza betri za lithiamu zenye katodi hiyo sokoni mwaka 1991.

Swali: *Kituo kimoja kikubwa chenye jina letu, au miradi midogo mingi?* (Mkurugenzi wa fedha)

Jibu: Anzeni na miradi mitatu au minne kwenye vyuo viwili. BP iliahidi dola milioni 500 kwa miaka kumi mwaka 2007 kwa taasisi ya nishati ya kibayolojia iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wachache wana mfuko wa namna hiyo, na ahadi ndefu huwa ngumu kuitetea bei ya mafuta ikianguka. Bajeti ikikatwa, posho ya mwanafunzi aliyekwisha kuanza isiguswe. Tengeni fedha hizo kando tangu mwanzo na mkataba useme hivyo, vinginevyo hakuna profesa atakayewapa mwanafunzi wake bora mara ya pili.

Kingine ni data. Mwanafunzi wa gridi anaweza kukaa nusu mwaka akisubiri ruhusa ya kuona vipimo vya vituo vyenu. Ondoeni utambulisho wa wateja, tayarisheni faili, na mteue mhandisi mmoja mwenye nusu siku kila wiki kwa ajili ya mradi, iandikwe kwenye majukumu yake ya kazi, kabla mwanafunzi hajasajiliwa.