Tangi la Ziada la Dizeli Kwenye Pikapu: Nilichojifunza Kuhusu Njia ya Mafuta

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua asali kwa wafugaji wa nyuki wa Sikonge na Inyonga na kuisafirisha hadi Tabora kwa pikapu ya Toyota Hilux inayotumia dizeli. Tangi lake hubeba lita 80, kiasi kinachotosha kabisa kwa safari ya barabara kuu, lakini ukishaingia porini kwa gia ya pili, ukitoka kambi moja ya warina asali kwenda nyingine, mafuta huisha kabla hujamaliza mzunguko. Mwanzoni nilinunua dizeli ya madumu kwa wachuuzi wa vijijini, mpaka filta ilipoziba mara mbili ndani ya mwezi mmoja na fundi akanionyesha maji na matope yaliyotuama humo. Hapo ndipo nilipoamua kubeba mafuta yangu mwenyewe kutoka mjini, katika tangi la ziada lililounganishwa na tangi kubwa, yaani lile la gari lenyewe.

Fundi wa kwanza alichagua njia nyepesi. Alilifunga tangi la lita 90 ndani ya bodi, nyuma ya kabini, akashusha mpira kutoka chini yake hadi kwenye bomba la kujazia la tangi kubwa, na katikati akaweka koki ya kawaida. Alinieleza kwamba mafuta yatashuka yenyewe kadiri tangi kubwa linavyopungua, na ni kweli yalishuka. Ambalo hakulisema ni kwamba mafuta hayaachi kushuka mpaka usawa wa matangi mawili ulingane, na kwa kuwa tangi la ziada lilikaa juu ya mdomo wa kujazia, usawa huo usingepatikana kamwe; kilichozuia lita zote zisimwagike ni ile koki peke yake. Usiku mmoja tulilala Inyonga, gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko, nami nilikuwa nimeifunga koki bila kuhakikisha kama imekaza. Alfajiri niliamshwa na harufu. Mchanga karibu na gurudumu la nyuma ulikuwa mweusi, na dizeli ilikuwa bado inadondoka, tone baada ya tone, kutoka kwenye bomba la kupumulia la tangi kubwa. Hatua chache kutoka hapo yalikuwapo mafiga tuliyopikia jioni, na ndani ya majivu makaa yalikuwa bado hai. Dizeli haiwaki upesi kama petroli, lakini ikilowanisha nguo, majani makavu au kipande cha gunia na moto ukawa karibu, huwaka vizuri sana.

Baada ya siku ile nilitaka kuhamia njia ya pili, yaani kupeleka mafuta ya tangi la ziada moja kwa moja kwenye injini kupitia valvu ya kuchagua tangi. Njia hii inafaa, ila ina jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Injini ya dizeli haichomi mafuta yote inayovutiwa. Sehemu kubwa hupita kwenye pampu na nozeli kwa ajili ya kupoza na kulainisha, kisha hurudi tangini kwa bomba la marejesho. Ukibadilisha bomba la kuvuta tu na kuliacha la marejesho lielekee tangi kubwa, injini itakuwa inanyonya kutoka tangi la ziada huku ikilijaza lile kubwa, na kama lilikuwa limejaa tayari, litafurika ukiwa njiani. Anayetaka njia hii ni lazima anunue valvu inayobadilisha mabomba yote mawili kwa pamoja, na akubali kwamba uvujaji mdogo wa hewa kwenye kiungo chochote utaizima injini porini.

Mimi niliishia kwenye pampu ya kuhamishia, na ndiyo ninayomshauri mtu yeyote mwenye matumizi kama yangu. Pampu ndogo ya umeme wa volti 12 huvuta kutoka tangi la ziada na kumimina kwenye tawi la chuma lililounganishwa sehemu ya juu ya bomba la kujazia. Mfumo wa injini haukuguswa hata kidogo, hivyo pampu ikiharibika ninaendelea na safari kwa mafuta yaliyo katika tangi kubwa. Waya wake una fyuzi karibu na betri, unapata umeme swichi ya gari ikiwa imewashwa tu, na kuna taa nyekundu kwenye dashibodi inayonikumbusha kwamba inafanya kazi. Ninaiwasha geji ikiwa chini ya nusu na kuizima kabla haijafika juu. Tafadhali zingatia hili: pampu nyingi za aina hii zikizimwa haziyazuii mafuta kupita yakiwa yanatoka juu kwenda chini, kwa hiyo nimefunga pia valvu ya umeme inayojifunga yenyewe pampu inapozimwa.

Tangi la ziada nalo linahitaji kupumua. Bila tundu la hewa pampu huvuta mpaka kuta zinabonyea, na jua la mchana likiyatanua mafuta, hayana pa kwenda. Bomba la kupumulia lipande juu kuliko tangi na liwe na valvu inayofunga gari likipinduka, na tangi lisijazwe hadi mdomoni.

Kuhusu vifaa, epuka bati la mabati, yaani lililopakwa zinki, kwa dizeli, kwa sababu zinki huingiliana na mafuta na kutoa masalia yanayoziba filta na nozeli. Mpira uwe wa mafuta, kwani wa maji huvimba na kulainika. Ndani ya tangi pawe na vizuizi vya kupunguza msukosuko, na bolti zishike chasisi, si bati la bodi peke yake. Usikubali kamwe fundi achomelee tangi lililowahi kuwa na mafuta kwa kuwa tu linaonekana tupu, maana mvuke uliobaki ndani unaweza kulilipua. Na haya yote ninayasema kwa dizeli; kwa petroli sishauri kabisa.

Hesabu pia uzito. Lita 90 za dizeli ni takriban kilo 76, na pamoja na tangi lenyewe unakaribia kilo 100, karibu sawa na ndoo nne za asali za lita 20 ambazo sasa ninaziacha. Kampuni ya bima niliiarifu kwa maandishi kabla ya safari ya kwanza.

Kazi ilipokamilika nilitia lita 10 tu. Niliendesha pampu gari likielekeza pua juu ya mteremko, kisha nikaligeuza, nikatandika maboksi makavu chini ya kila kiungo na kuliacha hadi asubuhi. Boksi moja lilikuwa na doa dogo la ukubwa wa sarafu, chini ya klipu ya tawi. Nilibadilisha klipu ile, nikarudia jaribio usiku uliofuata, na maboksi yote yalipokutwa makavu ndipo nilipokwenda kujaza tangi.