Jibu: Mchezaji wa kikapu anaweza kuwa taiti endi?

Ndugu, umeuliza kama mtu wa kikapu anaweza kufika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, akawa taiti endi, yaani mchezaji anayezuia wapinzani na pia kudaka pasi, bila kucheza mchezo huo chuoni. Anaweza kabisa, mwangalie Antonio Gates. Pale Chuo Kikuu cha Kent State alicheza kikapu tu, na 2002 walifika robo fainali ya taifa. Mwaka 2003 hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, zamu za timu za NFL kuchagua wachezaji wapya, San Diego Chargers wakamsajili hivyo hivyo.

Tafuta video zake karibu na mstari wa goli: anamgeuzia beki mgongo, anamziba kwa kiuno, kisha anaudaka mpira juu kwa juu, kama anayegombea ribaundi, mpira uliokosa kikapu. Hapo ndipo ninapompendea! Misimu 16, timu moja, tachidauni 116 (kufunga kwa kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli), na hakuna taiti endi aliyemfikia. Ukumbi wa Magwiji wa futiboli hiyo ulimpokea 2025.