Re: Laktomita inaweza kupima kalsiamu kwenye maziwa?
Hapana ndugu yangu, laktomita haiwezi. Hiyo hupima uzito wa maziwa ukilinganishwa na maji tu, na husaidia kumnasa aliyetia maji.

Kalsiamu inataka maabara. Maziwa ya ng'ombe huwa na takriban miligramu 120 kwa kila gramu 100, na karibu theluthi mbili imo ndani ya chembe za kaseini, yaani protini kuu ya maziwa. Ndiyo maana sampuli huchomwa kwanza kwenye tanuri, nyuzi 550 hivi, hadi libaki jivu jeupe. Jivu huyeyushwa kwa asidi, kisha mashine husoma mwanga unaofyonzwa na atomi za kalsiamu. Tafadhali usisahau kuongeza lanthanamu (elementi ya metali) kwenye myeyusho huo! Bila hiyo fosfeti (chumvi ya fosforasi iliyomo kwenye maziwa) huing'ang'ania kalsiamu na kipimo hutoka pungufu. Magnesiamu na zinki utazipima kwa jivu hilohilo.