Longibodi katika Lami ya Raskazone

SWALI: Mhariri, salaamu. Mwanangu wa miaka 15 ameletewa na mjomba wake longibodi, yaani ubao mrefu wenye magurudumu manne wa kusimamia na kuteleza barabarani, naye huiendesha katika barabara ya Raskazone. Kila akifika penye mchanga, ubao hukwama naye huanguka. Je, kosa ni la chombo, la barabara au la kijana mwenyewe?
Mama msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Pole sana, dada yetu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kumnyang'anya kijana ubao wake. Anza kwa kupima magurudumu kwa rula. Magurudumu ya longibodi huwa laini, na kipenyo chake kwa kawaida ni milimita 65 hadi 75 au zaidi, ilhali ubao mfupi wa kurukia hutumia magurudumu magumu yanayozidi milimita 50 kidogo tu, ambayo hukwamishwa hata na kokoto ndogo. Yakiwa madogo, myabadilishe.

Hata hivyo, hakuna gurudumu la ubao linalokata mchanga uliorundikana ukingoni mwa lami. Ubao husimama ghafla, na mwili wa mwendeshaji huendelea mbele. Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, kijana ajifunze kuusimamisha ubao. Mguu wa mbele ubaki juu ya ubao, vidole vikielekea mbele, goti likunjwe na uzito wa mwili uwe hapo. Mguu wa nyuma ushushwe taratibu mpaka wayo wote uiguse lami kwa wepesi, kisha akandamize kidogo kidogo. Wengi hutanguliza kisigino, na ndiyo sababu ya kuanguka. Afanye zoezi hili kwenye sakafu tambarare ya saruji mpaka aweze kusimama pale pale alipokusudia. Kabla ya hapo, kwa maoni yetu, hana ruhusa ya kwenda barabarani.

Chicago wana Lakefront Trail, njia ya lami ya takriban kilomita 29 kando ya Ziwa Michigan, ambayo magari hayaruhusiwi kuitumia. Barabara ya Raskazone ni ya wote, wakiwamo bodaboda na waendesha baiskeli, ambao Tanga tunao wengi mno, na ambao hawakuzoea kukutana na mtu aliyesimama wima juu ya ubao usio na kengele. Aende Jumapili asubuhi na mapema, avae helmeti na kinga za magoti, wala asizibe masikio kwa muziki.

Beringi nazo zinataka uangalizi, kwa kuwa mchanga na hewa ya chumvi huziharibu upesi. Mara nyingi huwa ni zile za namba 608, ambazo hutumika pia katika mashine nyingi ndogo, hivyo zikifa haitalazimu kumsubiri mjomba. Zikianza kukwaruza, azichomoe, azioshe kwa mafuta ya taa, azikaushe kabisa, kisha adondoshee kila moja tone la mafuta ya cherehani. Na lami ikilowa wakati wa masika, ubao ubaki nyumbani, kwa maana magurudumu huteleza na maji huziingiza beringi kutu.