Pengo lionekane kuwa pengo

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Nilipoandaa taarifa ya mwaka, hesabu ya mizani ilichelewa, nikaweka kilo 40,000 kwa makisio ili niendelee kuandika. Nikasahau kurekebisha. Mwenyekiti akaisoma kwenye mkutano mkuu, wakulima wakachachamaa. Nifanyeje?
Katibu, Mbinga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Mtu aliyebeba magunia yake mwenyewe hadi kwenye mizani ana haki ya kuchachamaa.

Kuruka pengo ukaendelea kuandika si kosa. Kosa ni kuliziba kwa namba inayofanana na kweli. Hiyo 40,000 haimshtui yeyote. Hata wewe ukiirudia baada ya wiki mbili utaipita.

Penye pengo andika QQ. Maneno ya Kiswahili hayana herufi Q, na hata Qatar ina moja tu, kwa hiyo ukitafuta QQ kwenye kompyuta utapata mapengo yako tu. Wanahabari wa Marekani huandika TK kwa sababu hiyohiyo: herufi hizo hukutana kwa nadra katika maneno yao. Sufuri tatu usizitumie kabisa kama alama ya pengo, zimejaa kwenye namba za maelfu.

Mbele ya QQ taja kinachokosekana na kiliko: "QQ kilo za msimu, stakabadhi ziko kwa mtunza ghala." Ukiugua kesho, atakayeshika kazi ajue pa kwenda. Kabla ya kuchapisha, bonyeza Ctrl na F, utafute QQ. Ikibaki QQ hata moja, taarifa haitoki.

Maneno ya kawaida peke yake hayatoshi, nayajua kwa uchungu. Nikiwa mhariri msaidizi kwenye gazeti moja, niliandika chini ya picha ya tanzia "jina la mzee hapa". Nilidhani kila mtu ataona. Yakachapwa vilevile. Nilikwenda msibani kuomba radhi, na binti wa marehemu akanionyesha nakala yake: alikuwa ameyakata maneno yangu kwa kalamu, akaandika jina la baba yake juu yake, kwa herufi kubwa.

Sasa hizo kilo 40,000. Usingoje mkutano ujao. Zungumza na mwenyekiti, kisha wiki hiihii bandikeni hesabu sahihi kwenye ubao wa chama, nawe utie sahihi chini yake.