Spinachi ya vuli: hesabu kuanzia kwenye jalidi

Je, spinachi ya vuli (majira ya kuelekea baridi) isubiri joto liishe kabisa ndipo uipande? Hapana, ukisubiri hivyo umechelewa. Chukua tarehe ambayo jalidi (barafu nyembamba ya usiku wa baridi) ya kwanza huanguka kwenu, urudi nyuma wiki 6 hadi 8; hapo ndipo mbegu ya spinachi iingie udongoni. Sukuma wiki na ndugu zake wa jamii ya kabichi wape muda zaidi, wiki 10 au hata 12.

Tatizo si baridi tu, ni mwanga. Urefu wa mchana ukishapungua chini ya masaa 10, mboga karibu zinaacha kukua, kwa hiyo majani unayotaka kula yawe yameshatoka kabla ya hapo. Kero ni kwamba unapanda udongo ukiwa bado wa moto, na mbegu ya saladi hugoma kuota joto la udongo likipita nyuzi 27 hivi (spinachi nayo hailipendi). Mwagilia jioni, tia kivuli juu ya tuta mpaka miche ichomoze, au otesha kwenye trei mahali penye ubaridi. Kwa saladi mimi natumia trei tu, sihangaiki na tuta.

Jalidi nyepesi isikutishe. Spinachi huivumilia, na sukuma wiki huwa tamu zaidi baada yake, maana mmea huongeza sukari kwenye majani ili yasigande. Saladi iliyokomaa ndiyo huungua. Ivune mapema au ifunike usiku.