Katibu alipohama lugha

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye kikao cha chama chetu cha msingi cha korosho, katibu alisema: "For the meantime malipo yamesimama." Wazee wakaniuliza kasema nini, nikawaambia "kwa muda". Nilipatia? Au Kiswahili hakina neno la hilo? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Marahaba. Ulipatia nusu. Nusu iliyobaki mdai katibu.

Kiingereza chake kwanza. Wenye lugha kwa kawaida husema "in the meantime", yaani huku tukisubiri, na "for the time being", yaani kwa sasa, mpaka mambo yabadilike. Katibu kachukua kichwa cha huyu akakibandika kwenye kiwiliwili cha yule. Hilo simgombezi, wengi wetu tunalo. Kinachonichefua ni mahali alipohamia Kiingereza. Nina hakika makato aliyasoma kwa Kiswahili safi, senti kwa senti. Alipofika kwenye neno ambalo wazee walilifuata kwa miguu tangu alfajiri, hela inaingia lini, ndipo akavuka mpaka.

Sasa hiyo "kwa muda" yako. Muda tumeupata kwa Waarabu, kwao ni mudda, kipindi. Na kipindi kina mwanzo na mwisho. Sisi tumeuchukua mwanzo tu. Nikisema "Fulani ameishi Lindi kwa muda", huenda ana wajukuu huko. Nikisema "Fulani amehamia Lindi kwa muda", hata kitanda hajanunua. Maneno mawili yaleyale, na msikilizaji akisie mwenyewe.

Ipo ofisi moja hapa Mtwara, sitaitaja, yenye karatasi dirishani: HUDUMA HII IMESITISHWA KWA MUDA. SAMAHANI KWA USUMBUFU. Mara ya kwanza kuisoma, karatasi ilikuwa nyeupe na wino unang'aa. Nimekwenda tena wiki iliyopita. Imekuwa rangi ya chai ya maziwa, selotepu imekauka pembe tatu, ya nne ndiyo inayoshikilia huduma nzima ya umma. Chini yake mtu ameandika kwa kalamu ya risasi: "Muda gani?" Hakuna aliyemjibu, wala aliyemfuta. Reli ya mradi wa karanga wa wakoloni, ile ya Mtwara kwenda Nachingwea, ililazwa kwa chuma ikae, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Karatasi ya selotepu ingali pale.

Dawa yake ni kuupa muda mkia: kwa muda wa siku tatu, hadi Ijumaa, mpaka mnada ujao. Na kama tarehe haijulikani, taja kinachosubiriwa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar es Salaam ikakatika kule Somanga, abiria aliyeambiwa "mpaka njia ipitike" hakupewa tarehe, lakini alijua anasubiri nini. Arudi nyumbani au atandike kanga stendi, shauri yake.

Unauliza kama tuna neno. Tunalo, na ni dogo mno kwa watu wa vikao. Juzi nimenunua ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kwa mama mmoja stendi, nikampa noti ya elfu kumi. Hakuwa na chenji. Akanisukumia sinia: "Nishikie kwanza, baba, nakuja." Hiyo "kwanza" ndiyo "for the time being" nzima, na ahadi ya kurudi imo ndani. Kaa hapa kwanza. Tumia yangu kwanza. Malipo yasimame kwanza, tunasubiri mnunuzi aingize fedha. Alirudi, na chenji kamili, wakati mimi nimeshakula minne ambayo haikuwa yangu.

Vijana wa "for now sina" nimewasamehe zamani. Ukimwomba mtu elfu tano akakujibu hivyo, amekunyima kwa adabu, na "sina" tupu ingeuma zaidi. Lakini katibu hakuombwa mkopo. Hela ni ya wazee.

Kikao kijacho nyoosha mkono, uliza kwa upole: "Hadi lini, Bwana Katibu?" Akijibu "soon", niandikie tena.